Usinunue hiyo vitamini E kabla hujanusa pumba zako

Mkuu, kabla hujatoa hela nenda stoo kwanza. Umeuliza broila wako wa siku 18 wanaohema kwa joto uwape vitamini E na seleniamu (madini) au vitamini C, kwa siku ngapi, na uache lini kabla ya kuchinja. Mimi nimeganda pale uliposema unachanganya chakula mwenyewe kwa pumba laini za mpunga ulizonunua kwa bei ya chini miezi miwili iliyopita. Hizo ndizo zilizonimaliza.

Nilikuwa Chanika, Januari, kuku 600. Walipoanza kuhema midomo wazi nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Yule muuzaji hakuniuliza hata wanakula nini! Akanipa vitamini E na seleniamu ya kwenye maji, akasema siku tatu tu stresi yote kwisha. Siku ya 21 asubuhi naingia bandani nakuta kuku mnene kabisa kalala ubavu, kichwa kimepinda nyuma hadi mgongoni, miguu inapiga hewa kama anaendesha baiskeli. Jioni walikuwa tisa. Narudi dukani, jamaa bila kuona kuku hata mmoja ananiambia huo ni ugonjwa wa mdondo (kideri), ananiuzia chanjo na antibayotiki. Nikachanja kuku ambao tayari wanaanguka. Hadi namwita daktari wa mifugo nilishafukia 170, na bado nina hasira na yule mtu.

Daktari alipasua kichwa cha mmoja, akanionyesha ubongo mdogo wa nyuma umevimba, una vidoadoa vya damu. Halafu akaomba kuona gunia. Akachota pumba, akazisugua kiganjani, akaninusisha: mafuta ya chipsi yaliyorudiwa wiki nzima. Nilikuwa nalala mita kumi kutoka kwenye lile gunia.

Pumba za mpunga zina mafuta mengi, na yanaanza kuharibika tangu zinatoka mashineni. Ukizirundika chini ya bati la moto ndiyo kabisa. Mafuta yaliyochacha yanateketeza vitamini E humo humo kwenye chakula, kisha yakiingia mwilini yanamaliza na ile iliyobaki, na ubongo wa kifaranga unaumia mapema. Kwa hiyo mimi nilikuwa namimina vitamini kwenye maji huku kwenye chakula naweka kitu cha kuimaliza. Dagaa wa zamani wa kuchanganyia chakula ni hivyo hivyo. Tulipobadili chakula chote na kuongeza vitamini E, wapya waliacha kuanguka. Walioanguka hawakuinuka.

Na seleniamu usiirundike. Broila anahitaji kama miligramu 0.15 tu kwa kilo ya chakula, na premiksi nyingi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula) tayari wanaiweka. Ikizidi sana ni sumu. Soma lebo ya premiksi yako kwanza.

Vitamini C kwa joto ni sawa, ila iweke kwenye maji masafi wanayoyamaliza kwa saa chache, maana inaharibika upesi.

Lakini pumba, mkuu. Zikiwa na harufu hiyo usizichanganye na mpya ili kuokoa hela, hata debe moja. Kanuse sasa hivi, halafu rudi utuambie umekuta nini.