Ndege za kivita zilizostaafu

SWALI: Mhariri habari, hizi ndege za kivita zinazowekwa nje watu wazitazame mbona zinachakaa haraka hivyo, si bodi ni aluminiamu na haishiki kutu?

JIBU: Haishiki ile kutu nyekundu ndugu, ila inaliwa vilevile, angalia kwenye ribiti (vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati ya bodi) utaona rangi imevimba na ukikwangua unatoka unga mweupe. Shida kubwa ni maji yaliyonasa ndani, shomoro wakijenga viota wanaziba vitundu vya kutolea maji basi kwisha habari. Kwahiyo wavu kwenye mdomo wa injini, vitundu vizibuliwe, kioo cha rubani kifunikwe jua lisikiharibu, na stendi za chuma zibebe uzito badala ya matairi. Kupiga rangi juu ya uchafu, hiyo danganya toto. Jeshi la Marekani linahifadhi maelfu nje kule Tucson, Arizona, lakini pale ni jangwa kavu.