Ukitafuta filamu maktabani, uliza kwanza iliitwaje

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa filamu na vyombo vya habari hapa Unguja, nakuandikieni haya kwa sababu nusura niiache mada yangu kwa kutojua kutafuta.

Nilitaka kuandika juu ya majumba ya senema ya Mjini. Nikakaa mbele ya kompyuta ya maktaba ya chuo, nikaandika "filamu Zanzibar". Yakaja majibu matatu, mawili hayanihusu. Wiki nzima nikaamini kuwa hakuna kilichoandikwa. Mama mmoja mkutubi aliponiona nimejiinamia akaniuliza, "Mwanangu, wakati huo watu wakiiitaje?"

Wazee wetu walisema senema. Serikali ya kikoloni iliandika "cinematograph". Nilipolitumia neno hilo la serikali, nikapata kazi ya kunitosha mwaka mzima.

Basi kabla hujagusa kompyuta, chukua karatasi uorodheshe majina yote ambayo kitu chako kimepata kuitwa. Jumba la Majestic pale Vuga lilifunguliwa 1921 likiitwa Royal. Ukitafuta Majestic peke yake, miaka yake ya mwanzo imekupotea. Majina ya filamu nayo vivyo hivyo. Ile ya Raj Kapoor ya 1951 utaikuta Awaara, utaikuta Awara. Tafuta kwa tahajia zote mbili.

Kwenye rafu kuna mtego huohuo. Maktaba inayofuata namba za Dewey, yaani mpango wa kupanga vitabu kwa namba za mada, huweka filamu kwenye 791.43, na wengi huishia hapo. Pitia pia 302.23 kwa vyombo vya habari, 070 kwa uandishi wa habari, na zaidi ya zote 967.81, historia ya Zanzibar. Mimi nilipata mengi huko, ndani ya vitabu vya historia ya mji ambavyo jalada lake halitaji senema hata kidogo. Fungua faharasa ya nyuma kwanza, kisha soma tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa au mwisho wa sura. Tanbihi moja nzuri inakuonesha faili, gazeti na tarehe. Ni kama mwenzako aliyekutangulia kukuachia alama njiani.

Alama hizo mara nyingi zitakupeleka Nyaraka za Taifa, Kilimani. Nenda na barua ya utambulisho ya chuo na kalamu ya risasi, maana wino hautakiwi karibu na karatasi kongwe. Nakuombeni sana: andika namba ya faili, tarehe na ukurasa kabla hujanakili neno lolote. Mimi nilinakili tangazo zima la gazeti bila tarehe, nikarudi siku tatu kulitafuta. Magazeti ya zamani kama Samachar na Mwongozi yasome mpaka kurasa za matangazo, si habari kubwa tu; tangazo hukwambia filamu gani ilioneshwa, wapi na siku gani.

Makala za majarida ya kulipia, muulize mkutubi chuo kinalipia yapi na utayasomaje ukiwa nyumbani. Usitoe pesa yako kabla ya kuuliza.

Filamu zenyewe ni adimu kwenye rafu zetu, na hili linaniuma. Lakini kwa zama za ukoloni ipo katalogi ya Colonial Film kwenye intaneti, yenye maelezo ya filamu zaidi ya 6,000, na zaidi ya 150 unazitazama bure. Anayechunguza filamu za kufundishia Waafrika asome habari za majaribio ya Vugiri, Usambara, Tanganyika, ya 1935 hadi 1937, yaliyojulikana kwa kifupi BEKE (Bantu Educational Kinema Experiment). Na ukiingia kwenye katalogi ile usiandike Zanzibar tu ukafunga. Andika Pemba, kisha andika karafuu kwa Kiingereza, kisha bandari, kisha Sultani.