Simetria ya geji ni ya nini, na mizimu inatoka wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya fizikia. Mekanika ya kwantamu na nadharia maalumu ya uhusianifu nimezisoma, na sasa nimeingia katika nadharia ya kwantamu ya nyuga. Mahesabu ya elektroni na fotoni nayafuata mstari kwa mstari, lakini nikifika kwa Yang na Mills napotea. Naambiwa simetria ya geji ndiyo inayozaa nguvu za asili. Kurasa chache mbele naambiwa kwamba hiyo si simetria halisi. Kisha inakuja mizimu, yaani nyuga za kubuni zilizomo katika hesabu tu. Je, nirudi nyuma nikasome kwanza jiometri ya mafungu ya nyuzi (fibre bundles), ile hisabati inayoeleza nyuga za geji, au kuna njia nyingine?

JIBU: Marahaba. Kauli ya pili uliyoambiwa ndiyo ya kushika, na ukiishika vizuri ile ya kwanza itapata mahali pake. Simetria ya kawaida, kama kuizungusha maabara nzima kwa nyuzi 90, huichukua hali moja ya asili na kuifanya hali nyingine. Badiliko la geji halifanyi hivyo: hali ni ileile, kilichobadilika ni namna tulivyoiandika. Ni ziada iliyomo katika maandishi yetu, na tunaibeba kwa hiari kwa sababu inatuwezesha kuandika milinganyo inayofuata uhusianifu waziwazi na yenye mwingiliano unaotokea katika nukta moja ya mahali na wakati. Kuchagua geji (yaani kushika namna moja ya kuandika), mizimu, hata utaratibu wa Higgs unaozipa bosoni masi, vyote hutokana na kuibeba ziada hiyo.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunao mfano wetu wenyewe. Tunasema saa mbili asubuhi wakati simu inaandika 8:00, wala hakuna basi linalochelewa kuondoka kwa sababu hiyo, kwa kuwa tofauti ya saa sita ni moja kila mahali. Sasa chukulia kwamba kila mji umeruhusiwa kupanga saa zake unavyotaka. Miji haitaelewana tena bila jedwali la kubadilishia. Tuseme ukitoka saa ya Tanga kwenda ya Morogoro unajumlisha 2, ukitoka Morogoro kwenda Dodoma unajumlisha 3, na ukitoka Dodoma kurudi Tanga unatoa 4. Ukizunguka miji yote mitatu na kurudi ulikoanzia, umezidi kwa 1. Watu wa Morogoro wakisogeza saa zao mbele kwa 5, hatua ya kwanza inakuwa kujumlisha 7 na ya pili inakuwa kutoa 2, lakini jumla ya mzunguko inabaki 1. Jedwali hilo ndilo potensheli A_μ, kusogeza saa ndilo badiliko la geji, na ile 1 isiyofutika ndiyo inayotuambia kwamba ndani ya mzunguko upo uga wa kweli, F_μν, ambao hakuna mji unaoweza kuuondoa kwa kupanga upya saa zake. Kwa elektroni, saa ni awamu ya wimbi lake.

Mzunguko wa aina hiyo umepimwa. Mwaka 1959 Aharonov na Bohm walionyesha kwamba elektroni zinazopita pande mbili za koili ndefu, mahali ambapo uga wa sumaku ni sifuri, zitatofautiana awamu kwa kiasi cha qΦ/ħ, ambapo q ni chaji ya elektroni, ħ ni konstanti ya Planck iliyogawanywa kwa 2π, na Φ ni fluksi ya sumaku iliyofungiwa ndani ya koili. Mwaka 1986 kundi la Tonomura nchini Japani lililithibitisha jambo hilo kwa sumaku ndogo yenye umbo la pete, iliyofunikwa kwa superkondakta ili uga usivuje. Potensheli katika nukta moja haipimiki. Mchango wake katika awamu ya kitanzi kizima hupimika.

Kwa sababu hiyo sipendi somo lianze kwa maneno kwamba tunadai simetria iwe huru katika kila nukta, kisha nguvu zinajitokeza. Hakuna anayetulazimisha kudai hivyo, na mwanafunzi makini ana haki ya kuuliza dai limetoka wapi. Hoja ninayoiona imara zaidi huanzia kwenye chembe. Fotoni haina masi na spini yake ni 1, kwa hiyo ina polaraizesheni 2 tu, ilhali vekta A_μ ina vijenzi 4. Viwili vimezidi, na uhuru wa geji ndio unaotuhakikishia kwamba vilivyozidi haviingii katika kipimo chochote. Kaa na hesabu hiyo ya 4 kuwa 2 hadi uweze kuifanya bila daftari.

Alichofanya Yang pamoja na Mills mwaka 1954 ni kuweka matriksi za SU(2), kundi la mizunguko ya matriksi 2 kwa 2, palipokuwa na namba katika jedwali. Namba ukizijumlisha kwa mpangilio wowote jibu ni moja, lakini matriksi hudai mpangilio wake ufuatwe. Andika D_μ = ∂_μ − igA_μ, ambapo g ni nguvu ya mwingiliano, kisha ukokotoe [D_μ, D_ν] ukiwa umeweka mbele yake uga wowote ili drivativu ziwe na kitu cha kutendea. Utapata −igF_μν, ambapo F_μν = ∂_μA_ν − ∂_νA_μ − ig[A_μ, A_ν]. Kijenzi cha mwisho ndicho kigeni kwako. Ukitumia SU(3), kundi la nguvu kali, kinamaanisha kwamba gluoni, chembe zinazobeba nguvu hiyo kati ya kwaki, zenyewe zina chaji ya rangi na hugongana zenyewe kwa zenyewe, jambo ambalo fotoni hazifanyi moja kwa moja. Kinamaanisha pia kwamba F_μν haibaki ileile chini ya badiliko la geji, bali huwa UF_μνU†, ambapo U ni matriksi ya badiliko hilo, na kwa hiyo kinachopimika ni mkusanyiko kama jumla ya ulalo wa matriksi, ambayo U haiigusi.

Sasa mizimu. Wengi hukutana nayo kwanza ndani ya intagrali ya njia (hesabu inayojumlisha njia zote zinazowezekana), katika hoja ya Faddeev na Popov ya mwaka 1967, wakaikariri bila kuiona ikifanya kazi. Nakushauri uione kwanza katika mchakato mmoja. Kokotoa elektroni na positroni zinazoangamizana kuwa fotoni mbili, na katika kujumlisha polaraizesheni weka −g_μν kwa kila fotoni (g_μν ni metriki, si ile g ya mwingiliano). Jibu litakuwa sahihi, kwa kuwa michango ya polaraizesheni zisizo halisi hufutana. Kisha fanya hivyohivyo kwa kwaki na antikwaki zinazotoa gluoni mbili, ukikumbuka mchoro wa tatu wenye kiungo cha gluoni tatu. Ukiweka −g_μν kwa gluoni zote mbili, jibu litakuwa na makosa, maana jozi za polaraizesheni zisizo halisi zimeingia katika jumla. Rudia kwa polaraizesheni halisi mbili tu, na kwa kwaki zisizo na masi utapata, baada ya kuchukua wastani wa spini na rangi za mwanzo na kugawanya kwa g⁴, (32/27)(t² + u²)/(tu) − (8/3)(t² + u²)/s², ambapo s, t na u ni vigeu vya Mandelstam vya nishati na momentamu za mchakato. Mwisho, kokotoa utoaji wa mzimu na antimzimu, utoe mchango huo kutoka katika jibu lenye makosa, na majibu mawili yatakutana. Itakuchukua siku kadhaa na karatasi nyingi, lakini utakuwa umeona kwa macho yako kwamba mizimu ni marekebisho ya ziada tuliyoibeba, na kwa nini mchango wake una alama ya kutoa.

Kuhusu Higgs nitasema kwa ufupi. Mwaka 1975 Elitzur alithibitisha katika nadharia za geji za kimiani, ambako mahali na wakati huandikwa kama gridi ya nukta, kwamba simetria ya geji haiwezi kuvunjika yenyewe, na kwa maelezo tuliyokwisha kutoa hilo lilitarajiwa: ziada ya maandishi haina cha kuvunjika. Msamiati wa “kuvunjika” tunautumia baada ya kuchagua geji. Hesabu unayoweza kuitegemea ni ya idadi ya hali. Kabla, bosoni 4 zisizo na masi zenye polaraizesheni 2 kila moja, pamoja na vijenzi 4 vya uga wa Higgs, hufanya 12. Baada, bosoni 3 zenye masi na polaraizesheni 3 kila moja, fotoni yenye 2, na chembe 1 ya Higgs, ni 12 vilevile. Hizo tatu ni W mbili, za GeV 80.4, na Z, ya GeV 91.2, zilizogunduliwa CERN mwaka 1983.

Jiometri ya mafungu ya nyuzi usianze nayo. Ni lugha nzuri na itakufaa sana utakapofika kwenye instantoni (masuluhisho maalumu ya milinganyo ya uga), ambako umbo la uga mzima huamua mambo ambayo hesabu ya nukta kwa nukta haiyaoni. Ila ukiisoma leo utajua majina mapya ya vitu ambavyo bado hujavikokotoa. Anza na zoezi la gluoni mbili, na ukikwama kwenye kiungo cha gluoni tatu, angalia kwanza kama momentamu zote umezichukua zikiingia. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukosea alama.