Msianze na faini

Miaka kadhaa iliyopita, hapa kwetu Mufindi, mkoani Iringa, tulipeleka barazani shauri la mtu aliyepanda milingoti, yaani mikaratusi, miti inayonyonya maji mengi, hadi kwenye jicho la chemchemi. Maji yalipungua mpaka ndoo moja ilikaa karibu nusu saa kujaa. Mzee mmoja wa baraza akaniuliza, "Shamba lako liko wapi pale? Umepungukiwa nini?" Sikuwa na shamba pale. Shauri likaishia hapo.

Swali lile halijanitoka. Sheria tulizozoea zinaanza na mwenye mali. Chemchemi haina hati, basi ikikauka hakuna mlalamikaji. Bibi zetu hawakuona hivyo. Kwenye msitu wa matambiko hukuokota hata kuni kavu, na aliyemzuia mwenye shoka hakuulizwa amepata hasara gani. Wenzetu wengine wameanza kuliandika jambo hilo kwenye sheria. Ekuador iliingiza haki za maumbile kwenye katiba yake mwaka 2008. Nyuzilandi, mwaka 2017, iliutambua mto Whanganui kuwa na hadhi ya mtu kisheria, ukawekewa watu wawili wa kuusemea. Majirani zetu Uganda nao, katika sheria yao ya mazingira ya 2019, wamesema maumbile yana haki ya kuwepo na kujirudishia uhai, na mtu anaweza kwenda mahakamani kuyatetea.

Kwa hiyo kama uko kwenye kamati ya mazingira ya kijiji na mnatunga sheria ndogo, nawasihi msianze na faini. Sisi tulianza nayo, tukabishana wiki mbili iwe elfu hamsini au laki. Siku tulipoanza upya na kuandika kwanza chemchemi inastahili nini, na nani waisemee hata kama hawalimi jirani yake, ubishi ukapungua.

Someni pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya hapa Tanzania ya 2004. Kifungu cha 57 kinalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na cha 5 kinamruhusu kila mtu kufungua shauri mazingira yakitishiwa. Laiti ningekijua siku ile barazani! Rasimu ipite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe.

Halafu pimeni mbele ya watu. Tulivuta kamba kutoka ukingoni, na kigingi cha mita 60 kikavuka kinyungu chote cha mama yangu, yaani bustani yake ya bondeni, mahindi mabichi yakiwa yamesimama. Akaegemea jembe. "Mwanangu, hata kinyungu kilichokusomesha?"

Nilikosa la kumjibu. Tulikubaliana avune kwanza, kisha kijiji kikampa eneo kule juu. Halishiki unyevu kama bondeni, na analalamika hadi leo, kwa haki kabisa. Mkiwaondoa watu, wapeni pa kulima kabla hamjang'oa bua moja.

Milingoti nayo haiishi kwa kukatwa. Kisiki huchipua, na tumesharudi mara tatu kung'oa machipukizi. Mivengi, miti ya asili ya kwetu, tuliyootesha katikati ya visiki hivyo imenifika kiunoni.