Ukishaweka dole gumba, unaweza kujitoa?

Watafiti walikuja nyumbani hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuniuliza habari za vita tulivyokimbia. Nilikuwa nimeshaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, ile ya kukubali kushiriki. Katikati nikaanza kulia, nikataka kuacha, nikaogopa. Ningeweza? (Mama wa watoto 4)

Ungeweza, mama, hata swali likiwa nusu, na bila kutoa sababu. Dole gumba si rehani. Tena anayekuja kuchokonoa habari za vita anatakiwa awe ameshapanga mshauri wa kukutuliza ukilemewa.

Hofu yako naielewa. Niliwahi kuwa mkalimani wa watafiti kambini, nikawa nasoma fomu ya ridhaa mbio mbio kama tangazo la redio. Mzee mmoja akanikatiza: "Nikikataa, mgao wangu wa chakula utakatwa?" Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa pili, nami nilikuwa nimeshaupita. Nikarudi mwanzo, nikasoma polepole. Alipoelewa kwamba hakatwi kitu, alikataa. Mtafiti alinuna siku nzima.

Mhadhiri wetu anasema ukiwaambia watu ukweli wote, jaribio linaharibika. Basi kudanganya ruksa? (Mwanafunzi wa saikolojia, Kampala)

Wakati mwingine, na kwa masharti. Mfano wake maarufu ni Stanley Milgram, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1961. Aliwaambia watu wampige umeme mtu mwingine kila akikosea jibu. Umeme haukuwepo, na aliyepiga kelele alikuwa mwigizaji, lakini waliobonyeza swichi hawakujua. Katika jaribio lake la kwanza, 26 kati ya 40 walifika volti 450, huku baadhi wakitetemeka na kulowa jasho. Tulijifunza mengi pale, sikatai, ila gharama walilipa wao.

Siku hizi kamati ya maadili ya utafiti, inayokagua utafiti kabla haujaanza, itakuuliza: hakuna njia nyingine kweli? Ikikuruhusu, uwaeleze wahusika ukweli mapema iwezekanavyo. Uongo wa kuficha maumivu watakayoyapata hauruhusiwi.

Mwanangu wa miaka 15 alijazishwa dodoso la msongo wa mawazo shuleni. Mwalimu ndiye aliyekubali. (Baba, Bweyale)

Kwa kawaida idhini ya mwalimu haitoshi. Mwongozo wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda unataka mzazi au mlezi aridhie, na mtoto wa kuanzia miaka 8 aulizwe mwenyewe. Nenda shuleni uombe kuiona fomu yenye muhuri wa kamati.

Nilikaa saa mbili nikijibu maswali ya usingizi na pombe, nikapewa shilingi 20,000. Wenzangu wa stejini wanasema nimenunuliwa. (Bodaboda, Arua)

Waulize wao saa mbili hupata ngapi. Kulipwa nauli na muda wako ni haki. Kasoro ingekuwepo kama fedha ingekuwa nyingi kiasi cha kukufanya ufumbe macho usione hatari. Ila wakikupa 10,000 wakusainishe 20,000, piga namba ya kamati iliyoandikwa kwenye fomu siku hiyo hiyo.