Inexorable: neno la kisichoombeka

Wewe unayeanza kusoma Kiingereza cha vitabuni, utakutana mapema na neno inexorable. Kamusi zitakupa "isiyozuilika" au "isiyobadilika". Si makosa, ila ukiishia hapo utalitumia ovyo, kwa sababu kiini cha neno hili hakimo katika kuzuia. Kimo katika kuomba.

Livunjevunje. Limetoka kwenye Kilatini, inexorabilis. Mzizi ni orare, kunena au kuomba, uliozaa pia orator, msemaji wa hadhara, na adore, kuabudu. Kiambishi ex- kinaufikisha uombaji mwisho wake: exorare ni kumsihi mtu mpaka akubali. Kisha -bilis inafanya kazi ya -ika na -eka zetu, kama katika "lika" na "someka", na in- inakanusha. Unganisha upate "isiyoombeka". Sijaona tafsiri inayoikaribia hii. Mwanafunzi anayejua Kiswahili ana bahati hapa: lugha yake hujenga wazo hilo kwa vipande vya aina ileile, kwa hiyo halimlazimu kukariri.

Virgil, mshairi wa Roma, aliandika katika Georgics kuhusu inexorabile fatum, majaaliwa yasiyosikia kilio. Kiingereza kililipokea neno hilo karne ya 16. Shakespeare alimpa Romeo alitamke makaburini, anapomwonya mtumishi wake asimfuate: nia yake, asema, ni kali na haisihiki kuliko chui milia wenye njaa au bahari inayonguruma.

Ndiyo maana linakaa vizuri kwenye kifo, uzee, mwendo wa wakati, au hakimu asiyetaka kusikia ombi la huruma. Tafadhali usimsifie nalo mchapakazi. Huyo ni indefatigable, kutoka fatigare, kuchosha: hachoki. Hasira na uadui vina implacable, kutoka placare, kutuliza. Relentless ndilo linalochanganya zaidi, maana lina mzizi wa Kilatini, lentus, kilicho laini na kinachopindika, lakini mkia wake -less ni wa Kiingereza chenyewe. Hilo waweza kulitumia kwa mvua, kwa maswali ya mwandishi wa habari, hata kwa mchezaji anayeshambulia bila kupumzika.

Kabla ya kuandika inexorable, jiulize kama mtu angeweza kusimama mbele ya jambo hilo akalisihi asisikilizwe. Na unapolitamka, mkazo uweke kwenye silabi ya pili, baada ya in-. Wengi huupeleka kwenye -ra-.