Gesi ya AC haiishi, inavuja

Joto la Dar es Salaam likianza kupanda kuelekea Desemba, barua za viyoyozi hujaa. Safari hii tumechagua tano. Mbili za kwanza zina majibu marefu kwa sababu ndizo zinazokula fedha za watu.

Nimenunua kiyoyozi cha BTU 12,000. Fundi mmoja anataka sh 120,000 kukifunga, mwingine sh 280,000. Kazi si ile ile? (Msomaji, Tabata)

Inaweza isiwe ile ile, dada. Mwambie kila mmoja akuandikie ndani ya bei yake kuna nini: mita ngapi za bomba la shaba, mpira wa kulifunika, stendi ya kifaa cha nje, waya, breka, bomba la kutoa maji, na kama atavuta vakyumu. Mara nyingi yule wa bei ndogo amehesabu mikono yake tu. Vifaa utavinunua dukani, na ukijumlisha unakuta tofauti imebaki ndogo.

Neno la kulishikilia hapo ni vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyo ndani ya mabomba kwa pampu. Ukishaunga mabomba, ndani yake kuna hewa, na hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Unyevu ukikutana na mafuta ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, unatengeneza asidi, na asidi inakula nyaya za kompresa pole pole. Ndiyo maana AC iliyofungwa vibaya haifi siku ya kwanza. Inafanya kazi mwaka mmoja au miwili, inapoa vizuri tu, halafu kompresa inaungua na lawama zinakwenda kwa TANESCO.

Mwenye haraka "anapuliza": anafungua vali kidogo, gesi ya kiwandani inasukuma hewa nje kupitia nati iliyolegezwa, psss, anakaza, kazi imekwisha. Unyevu umebaki ndani na sehemu ya gesi uliyoilipia imeshakwenda hewani. Anayejua kazi anakuja na pampu na geji. Pampu inanguruma dakika 20 hadi 30, mshale wa geji unashuka hadi karibu na inchi 30 za zebaki chini ya sifuri, anafunga geji, anazima pampu, anasubiri dakika 10. Mshale ukipanda, kuna pa kuvuja au maji hayajakauka. Mwenye geji ya kidijitali ya mikroni anatakiwa kushuka chini ya 500.

Kabla ya vakyumu, mabomba yajazwe naitrojeni na kila nati ipakwe povu la sabuni kuona pa kuvuja. Ukimwona fundi analeta mtungi wa oksijeni kwa kazi hiyo, msimamishe hapo hapo. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta inalipuka.

Angalia pia ncha za mabomba. Bomba likatwe kwa kikata bomba, si msumeno. Mabaki ya ndani yakwanguliwe huku mdomo umeelekezwa chini ili unga wa shaba usiingie, nati ivishwe kwanza, ndipo mdomo upanuliwe. Nati ya bomba la robo inchi inakazwa kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 14 hadi 18, ya 3/8 kwa Nm 34 hadi 42. Ikilegea itavuja, ikizidi, mdomo wa shaba unapasuka na itavuja vile vile.

Umeme wake utoke kwenye breka yake yenyewe ya ampea 16 au 20, waya wa milimita za mraba 2.5, pamoja na kilinda umeme kinachochelewa dakika 3 hadi 5 umeme ukirudi. Usikubali ichomekwe kwenye soketi ya pasi.

Kila mwaka fundi anakuja kujaza gesi. Anasema imeisha kwa matumizi. Ni kawaida? (Mzee wa Ilala)

Si kawaida, mzee wetu. Gesi ya AC si petroli. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na kama hakuna tundu, ile ya siku ya kwanza ndiyo itakayokuwemo mpaka mashine ichoke. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kile kile kila mwaka.

Mwombe aanze na nati nne, mbili za ndani na mbili za nje. Doa la mafuta lenye vumbi pembeni ya nati ndio ushahidi: gesi hutoka na mafuta. Bomba jembamba likiganda barafu pale kwenye vali ya nje, dalili ni ya gesi pungufu. Lakini kabla ya yote hayo, fungua kifuniko cha ndani utazame chujio. Likiziba kwa vumbi, koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, inaganda na chumba hakipoi, na wengi hujaziwa gesi wakati walihitaji maji na brashi. Kwa vumbi letu, lioshe kila wiki mbili.

Tundu likishaonekana, gesi iliyobaki itolewe, tundu lizibwe, vakyumu ivutwe upya, na gesi mpya ipimwe kwa mizani. Uzito unaotakiwa umeandikwa kwenye kibati cha kifaa cha nje, pamoja na gramu za kuongeza kwa kila mita inayozidi urefu wa bomba uliopangwa kiwandani.

Kibati hicho hicho kitakwambia aina ya gesi, na hapo ndipo wengine hukosea. R22 upande wa kunyonya, lile bomba nene, hukaa karibu psi (kipimo cha shinikizo) 65 hadi 70. R410A hukaa karibu 115 hadi 130. Aliyezoea R22 akijaza R410A mpaka 70 akaridhika, amekuachia mashine yenye njaa. Tena R410A ni mchanganyiko, hivyo huingizwa ikiwa kimiminika. R32 inaweza kushika moto. Asichomelee bomba lenye gesi hiyo ndani.

Kama AC yako ni ya R22, usitumie fedha nyingi kuifufua. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na mwaka 2030 inabaki asilimia 2.5 tu kwa ajili ya matengenezo.

Tunajenga nyumba ya wageni ya vyumba 14 Sinza. Kampuni imetuonyesha cheti cha BRELA, TIN na leseni ya biashara. Inatosha? (Mkurugenzi)

Hapana. Karatasi hizo tatu zinasema kampuni ipo na inajulikana kwa kodi. Hazisemi kama inajua AC. Hata muuza vitenge anazo.

Uliza usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Viyoyozi viko upande wa kazi za mitambo. Soma mambo matatu kwenye cheti: aina ya ukandarasi, daraja, na kama ada ya mwaka imelipwa. Kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya mkataba mmoja, na mkandarasi wa majengo si lazima awe wa mitambo. Usiridhike na nakala ya simu; hakikisha jina kwa CRB wenyewe.

Upande wa umeme ni EWURA, inayotoa leseni za mafundi wa kufunga umeme katika madaraja kama A, B, C, D na W. Leseni ni ya mtu, kwa hiyo mtaje kwenye mkataba ni nani atakayefunga nyaya zenu na leseni yake ni ya daraja gani. Kwa mafundi wa AC wenyewe, omba vyeti vya VETA vya majokofu na viyoyozi.

Kwenye malipo, daini risiti ya EFD. VAT ya asilimia 18 itozwe tu na aliyesajiliwa VAT, na ninyi kama wafanyabiashara mkumbuke kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma. Tungewashauri mbakize kiasi, tuseme asilimia 10, mpaka vyumba vyote 14 viwashwe pamoja usiku mzima. AC moja moja ikijaribiwa mchana, udhaifu wa laini ya umeme hauonekani.

Chumba ni mita 4 kwa 4, juu bati. Nichukue BTU ngapi, na umeme utakula kiasi gani? (Msomaji, Mbagala)

BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza. Kwa Dar anza na BTU 600 kwa mita ya mraba: 16 mara 600 ni 9,600. Ongeza kama asilimia 15 kwa ajili ya bati, unafika 11,000, kwa hiyo chukua 12,000. Weka dari kwanza, ni rahisi kuliko AC kubwa.

AC ya kawaida ya ukubwa huo isiyo ya inveta (ile inayobadilisha kasi ya kompresa) inavuta karibu kilowati 1.1. Kwenye nyuzi 24, kompresa ikifanya kazi asilimia 60 ya muda, saa 8 ni uniti 5.3. Kwa bei ya T1, ile ya wateja wa kawaida wa TANESCO, takriban sh 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, usiku mmoja ni kama sh 1,900. Ukiiweka 16 kompresa haipumziki, utalipa zaidi ya sh 3,100 na chumba hakipoi haraka zaidi. Na kama uko kwenye bei nafuu ya D1, ya watumiaji wadogo, jua kwamba AC peke yake itakuvusha kikomo chake cha uniti 75 za mwezi.

Muuzaji ananisisitiza ninunue ya "joto na baridi". Na niko Kigamboni, karibu na bahari. (Msomaji)

Joto la Kigamboni unalipewa bure. Modi hiyo ya joto ina maana kwenye baridi ya Njombe au Makete. Fedha hiyo iweke kwenye koili iliyopakwa rangi ya kinga na stendi ya chuma kisichoshika kutu, kisha kifaa cha nje kikae upande usiopigwa na upepo wa bahari. Mara moja kwa mwezi zima breka, ukimwagie maji ya bomba taratibu kuondoa chumvi. Si maji ya kisima kama kisima chenyewe kina chumvi.